Kigoda cha Buluu

Afisa Makuach alikunywa gilasi mbili za chai ya Mama Ayak, akazisifu zote mbili, na kabla wiki haijaisha akatuma watu wa kumwondoa.

Siku ile ya chai, Adit alikuwa na furaha isiyokaa mwilini. Yeye ni binti wa Mama Ayak, mpokea wageni katika hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat, na tangu arudi kutoka Eldoret na stashahada yake ya utalii alikuwa na wazo moja kichwani: kuwatembeza wageni kwa miguu katika Juba ya zamani, kuanzia uwanja wa kati wenye maduka ya mawe yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kigiriki hadi bandari ya mtoni. Watu wanashuka kwenye ndege, alikuwa akisema, wanabebwa kwenye magari ya vioo vyeusi, wanakaa mikutanoni, kisha wanarudi kwao kusimulia kwamba Juba ni vumbi na jenereta. Nani atawaambia kwamba huu nao ni mji?

Erisa, meneja wake, Mganda asiyependa maneno marefu, alikubali kwa sharti moja.

"Kutembea na wageni hapa, simu mkononi, picha huku na huku, hiyo si mchezo," alimwambia. "Leta kibali. Bila kibali, mimi sijui wewe na wewe hujui mimi."

Adit akaenda ofisi ya mji. Akakaa kwenye benchi la korido asubuhi moja baada ya nyingine. Aliambiwa mwenye muhuri amesafiri, halafu akaambiwa amerudi lakini muhuri umefungiwa, halafu akaambiwa aje kesho. Mwishowe Afisa Makuach akatoka mwenyewe, mtu mzito mwenye suti ya kijani kibichi, aliyekaa Nairobi miaka ya vita na ambaye Kiswahili chake kilitiririka kuliko cha Adit.

"Binti, siwezi kutia sahihi kitu nisichokiona," alisema. "Nitembeze mimi kwanza."

Kwa Adit huo ulikuwa ushindi. Afisa wa serikali anataka kuona! Kule alikosomea walifundishwa hivyo hivyo: mshirikishe mwenye mamlaka mapema, naye atakuwa mlinzi wa kazi yako. Akamtembeza. Akamwonyesha nguzo nene za mabaraza, milango ya chuma iliyokula kutu, jina la duka lililofifia mpaka likabaki herufi tatu. Makuach alikuwa akiitikia kwa kichwa na kujipangusa jasho. Adit akaacha kitu alichokipenda zaidi kiwe cha mwisho, kama mtoto anayeacha nyama pembeni ya sahani.

"Na hapa, mheshimiwa," alisema walipofika kwenye baraza la duka la pembeni, "hapa ndipo roho ya uwanja ilipo. Wapagazi wa bandarini, madereva wa malori ya Uganda, makarani, wote chai yao ni hapa. Na huyu ni mama yangu."

Mama Ayak alimtazama bintiye kwa jicho refu. Kisha akavuta kigoda cha buluu na kukipangusa kwa kanga.

Vigoda vile alivisuka mwenyewe kwa kamba za nailoni, kila kimoja rangi yake, na kwake ilikuwa mwiko mtu kunywa chai amesimama. Hata dereva aliyeacha lori likinguruma ilibidi akae. "Kusimama nakunywa punda," alikuwa akisema kwa Kiswahili alichokiokota kwa wateja wake. Wateja wa kila siku walikuwa na rangi zao, na cha buluu, kilicho kipana kuliko vyote, kiliachiwa mgeni.

Makuach akakaa. Akanywa chai ya tangawizi, akashusha pumzi, akaomba nyingine.

"Mama, chai yako inafufua wafu. Umekaa hapa muda gani?"

"Mimi iko hapa tu," Mama Ayak alijibu, akichochea makaa.

"Nani alikupa nafasi hii?"

"Hapana jua. Mimi iko tu."

Adit aliona mama yake anajinyima sifa. Akaingilia. "Mheshimiwa, yuko hapa tangu mimi mtoto mdogo! Alinipeleka kwa shangazi Kenya nikasome, akabaki hapa na kaka yangu, akanisomesha kwa chai hii hii. Miaka yote hiyo hakuna hata mtu mmoja wa serikali aliyewahi kuja kumuuliza chochote."

Alisema hivyo kwa fahari. Alitaka afisa aelewe jinsi mahali pale palivyoota mizizi.

"Hakuna aliyewahi kumuuliza," Makuach alirudia polepole. Akamaliza chai, akaingiza mkono mfukoni.

"Mgeni ya mtoto yangu halipi," Mama Ayak alisema. Hakuinua macho kutoka kwenye birika.

* * *

Habari zilimfikia Adit mapokezini kwa simu ya Norah, Mganda aliyekaanga chapati na mayai hatua chache kutoka kwa mama yake.

"Nyabo, dada yangu, kuja haraka. Banange, wamekuja na gari."

Alipofika, gari lilikuwa limeshaondoka. Kwenye mtaro palikuwa na majani ya chai yanayofuka moshi na vipande vya gilasi. Askari wa mji wawili walikuwa wakimwaga maji ya sabuni barazani na kuyasukuma kwa fagio. Akina mama wote wa chai walikuwa wameondoka, pamoja na fundi viatu na yule mzee wa kuuza vocha. Uwanja ulikuwa kimya kama shule wakati wa likizo.

Nyumbani alimkuta Mama Ayak amekaa juu ya dumu la maji, anasugua birika lililobonyea. Norah alikuwa ameegemea ukuta, kikaango chake mapajani. Dut, kaka yake Adit anayepakua mizigo bandarini, alikuwa anapanga vigoda kwenye kivuli. Yeye na wapagazi wenzake ndio waliovikimbiza kabla havijatupwa garini.

"Kenya huyo amekuja," Dut alisema. Hilo ndilo jina alilompa tangu arudi, na kwa kawaida lilikuwa na utani ndani yake. "Karibu, mheshimiwa. Umetutembeza vizuri. Mpaka nyumbani."

"Dut, mimi sikujua..."

"Mwache dada yako," Norah alisema. "Hakujua."

"Hakujua! Amesoma miaka yote hiyo ili asijue! Mimi sijasoma, mbona mimi najua?"

Adit akachutama mbele ya mama yake, akataka kushika lile birika. Mama Ayak akalivuta upande.

"Serikali ya Khartoum ilipita pale," alisema. "Mimi iko. Vita ilipita. Mimi iko. Hii yetu ilikuja, ilipita pia. Wewe najua kwa nini zote napita? Sababu hapana ona mimi. Mimi mama ya chai tu, kama jiwe, kama nguzo. Wewe naenda shika mkono yake, naleta yeye, nasema, ona, huyu mama yangu!"

"Nilitaka akuone, Mama. Nilidhani akikuona atakuheshimu."

"Ameona," Mama Ayak alisema, akarudi kwenye birika.

Usiku huo katika nyumba ile hakuna aliyenywa chai.

* * *

Asubuhi Adit aliwahi ofisini akiwa amejipanga. Njia nzima alikuwa amerudiarudia maneno: kwamba mji usio na watu si historia, ni magofu tu; kwamba wale akina mama ndio waliomfanya atake kuuonyesha uwanja kwa mtu yeyote. Mara hii hakukalishwa kwenye benchi. Aliitwa moja kwa moja, akavutiwa kiti.

"Umepita uwanjani?" Makuach alimuuliza, uso umemchangamka. "Umeona kazi? Peupe! Zile nguzo ulizonionyesha, sasa mtu anaziona kuanzia chini mpaka juu."

"Mheshimiwa, yule mama wa baraza la pembeni ni mama yangu."

"Najua, binti. Ndiyo sababu niliwaambia vijana vyombo vyake wasivichukue."

Alisema hivyo kwa upole wa kweli. Angekuwa mtu mbaya, Adit angejua namna ya kumjibu. Huyu alikuwa ameinamia meza, anapuliza muhuri upate wino, kama mjomba anayemwandalia zawadi.

"Birika limebonyea," ndilo alilopata kusema.

"Vijana hawana adabu. Nitawasema." Muhuri ukatua. "Haya, kibali chako. Mwaka mzima. Na Jumamosi nitakuja mwenyewe, wageni wako wasisumbuliwe na mtu."

"Wateja wake watakunywa wapi, mheshimiwa?"

"Kuna hoteli ngapi mjini? Chai si itakuwepo?" Akamnyoshea karatasi kwa mikono miwili.

Na Adit, aliyelelewa kushukuru anapopewa kitu kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mheshimiwa." Neno hilo lilimfuata siku nzima. Alikunywa maji, akala, akapokea wageni, bado lipo.

Mchana alimwambia Erisa kwamba hataki tena kuongoza matembezi.

"Sikia, Adit." Erisa akafunga mlango wa ofisi. "Hao wageni wako kumi wamekuja kutoka Kampala na Nairobi, wachora majengo, wamesikia mambo yako wakafurahi. Ukikataa siwarudishi. Nitachukua dereva yeyote awazungushe. Atawaonyesha nini? Atawaambia hapa jengo, hapa jengo, twende. Wewe unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Kale, sawa. Basi vaa viatu vya kutembea."

* * *

Kufikia Jumamosi Mama Ayak alikuwa ameshapata pengine pa kukaa. Dut alimwambia Adit habari hiyo akiwa amempa mgongo, akifunga kamba za viatu: ni nje ya geti la bandari, malori yanapopanga foleni. Hakuna ukuta wala paa. Kuna mwavuli mmoja ambao Norah amemgawia nusu, na vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Mama yake alikuwa hajamsemesha tangu siku ya birika, ila kwa mambo ya lazima: funga mlango, sogea, maji yameisha.

Wageni walishuka uwanjani wakiwa na kofia na chupa za maji. Makuach alikuwa ameshafika, suti ile ile ya kijani. Aliwasalimia mmoja mmoja na kuwaruhusu watoe simu. Adit akaanza kazi. Aliijua kazi yake, na sauti yake ilitoka vizuri, jambo lililomuudhi zaidi. Alieleza mawe yalivyoletwa, mabaraza yalivyojengwa mapana ili mnunuzi asipigwe na jua wala mvua, boti zilivyoteremsha chumvi na vitambaa. Wageni walikuwa wakiuliza na kupiga picha, huku Makuach akitabasamu kama mwenye harusi.

Walipofika kwenye baraza la pembeni, sakafu ilikuwa inang'aa. Sabuni ilikuwa imetoa kila kitu isipokuwa duara moja jeusi, kubwa kama sinia, pale jiko la Mama Ayak lilipokaa miaka yote mpaka jiwe likaungua kwa ndani.

Mgeni mmoja, mwanamke wa Kampala aliyeitwa Pearl, akainama kulitazama. "Hii alama ni ya nini?"

Adit alifungua kinywa, lakini Makuach akamtangulia. "Hiyo ni ya zamani sana. Pengine Wagiriki walikuwa wanapikia hapa."

"Ooh," wageni wakasema. Simu zikainama zote. Wakalipiga picha lile duara kwa juu, kwa pembeni, mmoja akaweka kalamu yake kando yake ili ukubwa uonekane.

Adit alimtazama Makuach, na aliona kwamba mtu huyu hadanganyi; amekaa hapa, amekunywa gilasi mbili hapa, na kweli hakumbuki jiko lilikuwa wapi.

"Si ya Wagiriki," Adit alisema.

"Samahani?" Pearl aliuliza.

"Hiyo alama. Ni ya mama aliyekuwa anauza chai hapa. Makaa yake yalizimwa wiki hii." Akakunja karatasi yake ya maelezo, akaitia mfukoni. "Twendeni, nitawaonyesha alipo. Chai yake inafufua wafu. Muulizeni mheshimiwa."

Makuach akacheka, kisha akaacha. "Binti, hiyo haimo kwenye njia tuliyokubaliana."

"Bandari imo, mheshimiwa. Tunakwenda bandarini."

Akashika njia. Wageni, ambao kazi yao siku hiyo ilikuwa kumfuata, wakamfuata. Jua lilikuwa kali, na Makuach alikuja nyuma akihema, koti begani sasa. Adit hakupunguza mwendo. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alijisikia mwepesi. Alikuwa anaiona picha nzima: wageni kumi kwenye vigoda, mama yake anamimina, wanauliza, wanamsifu, na afisa amesimama pale anasikia. Angesikia nini safari hii ila heshima?

Mama Ayak aliwaona kwa mbali.

Aliona kundi la watu wanakuja kwa haraka upande wake. Aliona nyuma yao suti ya kijani kibichi. Hakungoja kuona zaidi. Akainua ndoo na kuimimina yote juu ya makaa. Mvuke ukapanda mweupe na kumfunika. Jirani yake akapiga kelele, "Wamekuja!" na kufumba na kufumbua kila mwanamke pale alikuwa amejitwisha kitu. Norah alipita mbio na kikaango kilicho moto, taulo mkononi. Madereva walibaki na gilasi za watu mikononi, hawajui pa kuziweka. Mama Ayak alikuwa na birika mkono mmoja, beseni la gilasi kichwani, anakimbia kati ya malori kwa miguu yake iliyovimba.

"Mama!" Adit alipiga kelele. "Mama, ni mimi!"

Ni kweli alikuwa ni yeye, na mama yake alikuwa amemwona.

Wageni walifika wakasimama kuzunguka jiko lililokuwa linachuruzika maji meusi. Hakuna aliyepiga picha. Pearl alivua kofia.

"Amekimbia nini?" aliuliza.

Adit alianza kuokota vigoda vilivyopinduka mavumbini, chekundu, cha njano, cha kijani, akivipachika mikononi hadi begani. "Nisubirini," aliwaambia wageni, akaingia kati ya malori.

Alimkuta mama yake nyuma ya tela la saruji, ameegemea gurudumu, anatafuta pumzi. Birika lilikuwa miguuni pake. Adit akaviweka vigoda chini kimoja kimoja. Mama Ayak akavitazama.

"Ya buluu iko wapi?"

Adit akavitazama naye. Hakikuwepo.

Akarudi mbio. Wageni walikuwa pale pale juani. Makuach alikuwa amechoka, mwendo ulikuwa umemshinda, na chini ya mwavuli wa Norah alikuwa amepata pa kukaa. Amekaa miguu mbele, anajipepea kwa nakala yake ya kibali. Chini yake, kati ya mikunjo ya suruali, ilionekana kamba ya nailoni ya buluu.

"Umeona sasa?" alimwambia Adit. Hakuwa na hasira, alikuwa na sikitiko la kweli. "Nilikuambia. Umewatisha bure."

"Afisa," Adit alisema. Neno mheshimiwa lilikataa kutoka. "Naomba usimame."

"Nini?"

"Simama. Kigoda hicho ni cha mama yangu."

Makuach akawatazama wageni, na wageni wakamtazama yeye. Dereva mmoja wa lori, bado na gilasi mkononi, akakohoa. Afisa akashika magoti, akainuka taratibu, na alipoinuka hakujua aiweke wapi mikono yake. Adit akakichukua kigoda, bado kina joto, akakipiga vumbi.

"Matembezi yamekwisha," aliwaambia wageni. "Gari la hoteli liko getini. Nisameheni, chai hamkuipata."

Nyuma ya tela, Mama Ayak alikipokea kwa mikono yote miwili, akakikagua kamba, akakigeuza chini juu. Halafu akauliza bila kumtazama bintiye.

"Nani alikuwa nakaa hapa?"

"Yeye."

"Alisimama mwenyewe?"

"Nilimwambia asimame."

Lori likawashwa mahali fulani, moshi ukapita juu yao. Kisha Mama Ayak akakitua kigoda cha buluu mchangani, mbele ya Adit, na kukigonga mara mbili kwa kiganja, kama alivyomfanyia kila mteja. Adit akakaa. Birika lilikuwa tupu. Wote wawili walijua.

"Kesho mimi nakuwa upande ile ya ukuta ya bandari," mama yake alisema. "Usilete mtu."

"Sitaleta mtu, Mama."

"Kuja peke yako. Na beba maji."